Lita 780 kwa siku: uchambuzi wa bwawa lililofunguliwa baada ya masika

Tuchukue nyumba ya wageni ya vyumba 8 pale Diani, pwani ya kusini ya Kenya. Katikati ya Aprili wageni wamekatika, masika yameshika, na mwenye nyumba anaamua kulizima bwawa mpaka msimu urudi. Pampu inazimwa kwenye swichi, basi. Hakuna kizibo kilichofunguliwa, hakuna maji yaliyotolewa kwenye mitambo. Wiki 10 baadaye, mwisho wa Juni, kuna wageni wanaofika Ijumaa. Bwawa linajazwa maji ya kisima mpaka katikati ya mdomo wa skima, lile tundu la ukingoni linalovuta maji ya juu, pampu inawashwa, na balaa linaanza kwa mpigo mmoja: kidimbwi chini ya pampu, mapovu ya hewa yakicheza chini ya mfuniko wa kikapu cha pampu kinachonasa takataka, elbo moja (kiungio cha kona) inarusha ukungu wa maji, na kila asubuhi maji ya bwawa yameshuka karibu upana wa kidole gumba.

Fundi wa kwanza kuitwa anatazama kidimbwi na kutoa hukumu: sili, kile kizuizi kinachozuia maji yasipite kwenye shafti ya pampu, imekufa. Ni kweli, imekufa. Lakini hata ikibadilishwa leo, keshokutwa maji yatakuwa yameshuka vilevile, kwa sababu sili hiyo inapoteza lita moja na nusu kwa siku, na bwawa linapoteza mamia.

Mitambo yenyewe ni ya kawaida kabisa. Bwawa lina urefu wa mita 12, upana mita 5, na kina cha wastani mita 1.5, kwa hiyo linachukua lita 90,000. Namba yenye faida zaidi katika kazi hii ni ya uso wa maji, mita za mraba 60, maana ndiyo inayogeuza milimita kuwa lita: kila milimita 1 inayoshuka ni lita 60. Pampu ni ya nguvu farasi 1, inasukuma kama mita za ujazo 11 kwa saa, kwa hiyo inahitaji takriban saa 8 kuyapitisha maji yote mara moja. Chujio ni la mchanga, kipenyo milimita 600, na juu yake imekaa vali ya njia sita, ile inayoitwa maltipoti. Bomba la kuvuta ni la milimita 63, la kurudisha ni la milimita 50. Chumba cha pampu kiko juu ya ardhi, na mdomo wa pampu umezidi usawa wa maji kwa sentimita 40. Sentimita hizo 40 ndizo zilizoleta karibu kila kitu kinachofuata.

Siku mbili za ndoo kabla ya spana

Mwenye nyumba mwenye wageni Ijumaa hapendi kusikia kwamba siku mbili za kwanza hazifunguliwi hata bolti moja. Bila siku hizo lakini kazi inakuwa ya kubahatisha, na kubahatisha kwenye mabwawa huishia na mtu anayevunja vigae kutafuta bomba ambalo halikuvuja.

Ndoo inajazwa maji ya bwawa na kuwekwa kwenye ngazi ya kwanza ndani ya bwawa, jiwe ndani yake isielee, ili ipigwe na jua lilelile na upepo uleule. Alama moja ndani ya ndoo kwenye usawa wa maji, alama nyingine kwenye kigae cha ukingo. Saa 24. Hakuna anayeogelea wala kuongeza maji. Mvua kubwa ikinyesha kipimo kinaanza upya, kwa kuwa sakafu ya pembeni humwaga maji bwawani lakini haimwagi kwenye ndoo.

Siku ya kwanza pampu imezimwa. Ndoo imeshuka milimita 5, bwawa milimita 6. Upepo wa kusi unakausha, kwa hiyo 5 si ajabu. Tofauti ya milimita 1 iko ndani ya makosa ya macho na kalamu. Maana yake kuta za bwawa ziko salama, taa ziko salama, na mabomba ya chini ya ardhi yanatunza maji yakiwa yametulia. Hakuna haja ya sururu.

Siku ya pili pampu inafanya kazi saa zake 8. Ndoo imeshuka 5 tena. Bwawa limeshuka 19.

Kutoka 6 hadi 19, milimita 13 zimeongezeka kwa sababu ya pampu tu. Mara 60, ni lita 780 ndani ya saa 8, yaani kama lita 1.6 kila dakika. Bomba la jikoni lililofunguliwa kidogo hutoa kiasi hicho. Maji mengi namna hiyo hayawezi kujificha kwenye kidimbwi cha chumba cha pampu, na hapa ndipo hesabu inapoanza kumsuta yule fundi wa sili.

Sili inadondosha tone 1 kwa sekunde. Matone 20 hufanya mililita 1, kwa hiyo saa 8 ni mililita 1,440. Elbo ya upande wa kurudisha, ukiikingia beseni, inatoa lita 2 kwa saa: 16 kwa siku. Jumla ya kila kinacholowesha sakafu haifiki lita 18. Zaidi ya lita 760 zinakwenda mahali ambapo hakuna mtu anayezitazama.

Zingekuwa namba nyingine, zingetuelekeza kwingine. Bwawa likishuka sawa siku zote mbili, pampu ikiwaka au ikizimwa, mtuhumiwa ni ukuta, taa, au pale skima inapokutana na zege. Likishuka zaidi pampu ikiwa imezimwa, bomba la kuvuta lililo chini ya ardhi ndilo la kuchunguzwa kwanza, kwa kuwa pampu ikivuta huzuia maji yasitoke kwenye ufa na badala yake huingiza hewa. Hapa hatuhitaji kwenda huko.

Bomba ambalo hakuna anayelitazama

Maltipoti ina matundu matatu makubwa: moja linatoka kwenye pampu, moja linarudi bwawani, la tatu linakwenda kwenye maji ya kutupa. Ndani yake kuna gasketi moja ya mpira yenye umbo la gurudumu la baiskeli, duara na spoku zake, inayozitenga njia. Mafundi huiita spaida. Spoku moja ikiinuka au kukatika, sehemu ya maji yanayotakiwa kurudi bwawani inapenya kwenda kutupwa, hata mpini ukiwa umekaa sawasawa kwenye alama ya kuchuja.

Katika mitambo mingi bomba la kutupa huishia mahali pa wazi na mvujo huo unaonekana siku ya kwanza. Hapa limefukiwa na kwenda moja kwa moja kwenye shimo la kunywea. Ardhi ya Diani ni ya mawe ya matumbawe. Maji yakimwagwa yanazama hapohapo. Zaidi ya lita 760 kwa siku hazikuacha hata unyevu juu ya udongo.

Maltipoti nyingine zina kioo kidogo pembeni cha kuangalia maji yanayotupwa. Hii inacho, ila kimepauka na kuingia ukungu wa kijani kiasi kwamba hakionyeshi kitu. Njia ya uhakika ni kufungua yunioni (kiungio kinachofunguka bila kukata bomba) ya bomba la kutupa, kuweka ndoo chini ya tundu, mpini ukiwa kwenye kuchuja, na kuwasha pampu kwa dakika 5. Lita 8 ziliingia ndooni. Kwa saa ni 96, kwa saa 8 ni 768. Jumlisha 16 za elbo na moja na nusu ya sili: 785. Ndoo ya ngazini ilisema 780. Hesabu mbili zilizopimwa kwa njia tofauti zikikutana karibu hivi, unaweza kuacha kutafuta.

Kabla ya kuifungua maltipoti kuna jaribio la bure. Wakati mwingine spaida ni nzima, chembe za mchanga tu ndizo zimekwama juu yake. Zima pampu, weka mpini kwenye kusafisha kinyume, washa dakika 2; zima, weka kwenye kusuuza, washa nusu dakika; zima, rudisha kwenye kuchuja na upime tena. Mvujo ukikoma, umeokoa gasketi. Hapa haukukoma.

Pampu iliyopikwa

Sasa turudi kwenye sentimita 40. Pampu iliyo chini ya usawa wa maji hujijaza yenyewe. Iliyo juu haijijazi: ikikaa wiki kadhaa, maji ya bomba la kuvuta hurudi bwawani kidogokidogo, na kikapu hubaki na maji ya chini tu. Kuiwasha hivyo, bila kufungua mfuniko na kumimina maji mpaka kikapu kijae pomoni, ni kuiwasha kavu. Mhudumu aliiwasha hivyo, akaenda kufagia majani. Aliporudi mfuniko ulikuwa wa moto wa kutoshikika.

Impela, gurudumu la ndani linalosukuma maji, ikizunguka kwenye maji machache yasiyotembea, maji hayo huchemka. PVC ya kawaida haitakiwi kupita nyuzi joto 60, na maji hayo hupita hapo haraka sana. Uharibifu unaenda kwa mpangilio unaojulikana, na ukiufahamu unajua pa kutazama kabla hata ya kuona maji.

Sili ndiyo ya kwanza. Ni nyuso mbili, moja ya kaboni na nyingine ya kauri, zinazosuguana zikiwa na utando mwembamba wa maji katikati yake. Maji ndiyo mafuta yake. Kavu, nyuso hupata joto, kauri hupasuka nyufa za unywele, na kikombe chake cha mpira hukakamaa. Zaidi ya hapo, nyuso zilizokaa wiki 10 bila kusogea hushikana, na mzunguko wa kwanza huzibandua kwa nguvu.

Ya pili ni adapta za plastiki zilizofungwa kwa nyuzi za skrubu kwenye midomo ya pampu. Zikilainika kwa joto huku zimebanwa, nyuzi zake hunywea. Zikipoa zimeshakuwa nyembamba kuliko tundu. Upande wa kusukuma utaona tone. Upande wa kuvuta huoni tone lolote, unaona mapovu kwenye kikapu na mshale wa geji ya presha unaotetemeka. Bwawa hili, mitambo ikiwa safi, husoma bar 0.8. Siku ya kufunguliwa lilisoma 0.4, mshale ukirukaruka.

Ya tatu ni oringi, pete ya mpira, ya mfuniko wa kikapu, iliyobanwa wiki 10 na kisha kupikwa. Ukiitoa unakuta ina uso bapa badala ya mviringo. Hiyo haina dawa, inabadilishwa.

Kwa hiyo sili, adapta na oringi ni kosa moja lililotokea sehemu tatu. Spaida ni kosa jingine, na nalo lina chanzo chake. Maji yalikuwa ya kijani, mhudumu akawa anasafisha chujio kila baada ya muda mfupi, na kwa haraka akawa anageuza mpini pampu ikiwa inawaka. Presha huinua spoku upande mmoja wakati rota, sehemu ya ndani inayozungushwa na mpini, inaikwangua upande mwingine. Mpini haugeuzwi pampu ikifanya kazi, hata mara moja. Isitoshe, wiki 10 springi nzito ya maltipoti ilikuwa imeikandamiza gasketi mahali palepale.

Kujua hewa inaingilia wapi kuna mbinu rahisi: pampu ikiwaka, mimina maji polepole kwa birika juu ya kila maungio ya upande wa kuvuta, moja moja, na mwenzako atazame kikapu. Maji yakifunika tundu, pampu hunywa maji badala ya hewa na mapovu hupungua kwa sekunde chache. Povu la kunyolea ndevu nalo linafaa, linaonyesha kishimo pale linapovutwa. Hapa mapovu yalipungua mara mbili: kwenye mfuniko na kwenye adapta ya mbele.

Elbo na milimita 1.7

Elbo ya upande wa kurudisha haikuharibiwa na joto. Iliharibika siku ilipofungwa. Mtu alikata kipande cha bomba kilichopasuka na kuweka kingine, kisha alipoona kinavuja akakizungushia vipande vya tyubu ya baiskeli na kukaza kwa waya. Tyubu upande wa kusukuma hupunguza mvujo kwa muda. Upande wa kuvuta haisaidii lolote.

Tatizo ni kwamba madukani kuna mabomba ya namna mbili yanayofanana kwa macho. Bomba la inchi 1½ lina kipenyo cha nje cha milimita 48.3. Bomba la 50 ni 50 kamili. Vifaa vingi vya mabwawa, yunioni na maltipoti, ni vya milimita, lakini hadwea ya karibu inauza ya inchi. Ukichomeka la inchi kwenye elbo ya 50 linaingia vizuri mno, na hiyo ndiyo dalili mbaya. Pengo la milimita 1.7 linajazwa gundi, ila gundi ya PVC haikuumbwa kujaza mapengo: kazi yake ni kuyeyusha nyuso mbili zishikane. Gundi nene hunywea ikikauka na kuacha njia. Ndugu zao wakubwa wana ugomvi uleule: inchi 2 ni 60.3, na la milimita ni 63.

Huna kalipa ya kupimia kipenyo? Zungushia bomba ukanda wa karatasi, weka alama unapokutana, upime kwa rula. La 50 hutoa milimita 157, la inchi 1½ hutoa 152. La 63 hutoa 198, la inchi 2 hutoa 189 na ushei. Karatasi inatosha kabisa, na ifanywe dukani, siyo ukisharudi.

Mpangilio wa kazi

Vipuri vya bwawa hili: sili 1, oringi ya mfuniko na oringi ya mwili wa pampu, adapta 2 za 63 kwa nyuzi za inchi 2, yunioni 2 za 63, elbo 1 ya 50, soketi 1 ya 50, bomba la 50 mita 1 na la 63 nusu mita, spaida 1, kopo dogo la gundi ya PVC, msasa, tepu nyeupe ya tefloni roli 2, na tyubu ndogo ya grisi ya silikoni. Gundi, tepu na mabomba ya 50 na 63 vinaweza kupatikana Ukunda. Sili na spaida huenda zikahitaji kuvuka Likoni kwenda Mombasa, na anayekwenda abebe ile ya zamani mkononi pamoja na picha ya kibandiko cha pampu. Sili mbili zinaweza kulingana kwa macho na kutofautiana kwa milimita 1 kwenye tundu la shafti.

Kazi inaanza na gundi, ingawa elbo si mvujo mkubwa, kwa sababu gundi inahitaji saa 24 kabla ya presha na mengine yote yanaweza kufanyika ikiwa inakauka. Zima swichi kubwa, uhakikishe hakuna mtu atakayeiwasha, funga vali za kuvuta na kurudisha, fungua kitoa hewa cha chujio mpaka geji isome sifuri.

Kata mbali, pale bomba la asili la 50 linapoanza. Mkato uwe wima kabisa. Ncha ikwanguliwe ndani na nje, na ukingo wa nje ulazwe kidogo ili usikombe gundi yote na kuisukuma ndani ya elbo. Unga vipande vikavu kwanza, piga mstari wa kalamu unaovuka bomba na elbo ili ujue mwelekeo. Piga msasa mpaka mng'ao utoke, futa vumbi. Gundi nyembamba ndani ya elbo, nene zaidi kidogo kwenye bomba, sukuma moja kwa moja mpaka mwisho na ushikilie nusu dakika. Jua la Diani saa sita mchana linakausha gundi kabla mikono haijakutana. Fanya asubuhi au tengeneza kivuli, na kwa bomba la 63 wawe watu wawili.

Vipande vya 63 vya pande mbili za pampu vinagundishwa wakati huohuo, mezani, vikiwa na yunioni zake. Mitambo hii haikuwa na yunioni karibu na pampu, na ndiyo sababu kila ukarabati ulikuwa wa msumeno. Yunioni mbili leo ni msumeno uliowekwa kabatini kwa miaka.

Kisha pampu. Fungua vizibo viwili vya chini maji yatoke, fungua bolti zinazoshika mota na mwili, vuta mota nyuma pamoja na impela. Ili impela ifunguke lazima shafti ishikwe kwa nyuma, chini ya kifuniko cha feni, kwa bisibisi pana au spana kutegemea mota. Impela hufunguka kinyume cha saa ukiitazama kwa mbele. Ikiwa kuna skrubu katikati yake, chunguza kwanza, maana baadhi ya skrubu hizo zimekatwa nyuzi za kinyume, na asiyejua huvunja kichwa chake.

Nusu ya sili yenye springi hukaa upande wa impela, nusu ya kauri imezama kwenye bamba la mota. Itoe ya zamani, safisha kiota chake mpaka kisibaki na chembe. Tazama shafti: kutu ikiwa imekula sehemu inapopita sili, sili mpya haitadumu. Zungusha shafti kwa mkono usikilize beringi. Ikisaga kama mchanga, maji ya sili yalishafika huko. Kwenye bwawa hili ilizunguka kimya, bahati.

Sili mpya hairuhusu kidole kwenye nyuso zake. Mafuta ya ngozi yanatosha kuiharibia mwanzo. Ipakwe maji ya sabuni kwenye mpira wa nje tu, isukumwe kiotani kwa kipande cha bomba chenye upana unaolingana, taratibu na sawasawa pande zote, uso wa kauri unaong'aa ukitazama kule ilipo kaboni. Uso ukichafuka, futa kwa kitambaa safi chenye spiriti.

Kwenye oringi kuna mazoea mabaya ya kutumia mafuta ya kujipaka. Baadhi ya oringi za mabwawa ni za mpira wa EPDM, na mafuta yanayotokana na petroli, kama mengi ya kujipaka, huufanya uvimbe na kulegea. Wiki ya kwanza unaona oringi imekaa vizuri, mwezi wa pili haitoshi tena kwenye mfereji wake. Grisi ya silikoni kiasi cha punje ya choroko inatosha oringi nzima. Mfereji wenyewe usafishwe kwa kijiti. Chembe moja ya mchanga ni njia ya hewa.

Adapta zinazungushiwa tepu raundi 8 hadi 12, upande uleule wa kukazia, vinginevyo tepu hujifungua unapokaza. Mkono kwanza, kisha mzunguko mmoja au mmoja na nusu kwa spana, basi. Mwili wa pampu ni plastiki, na adapta iliyokazwa kwa spana kubwa ya bomba huupasua kama kabari. Adapta ikigoma baada ya mizunguko michache isilazimishwe: pampu nyingine za Kimarekani zina nyuzi 11.5 kwa inchi na adapta zinazouzwa kwetu zina 11. Huanza kuingia, hukwama, na huvuja milele.

Maltipoti inabaki ya mwisho. Piga alama kwa kalamu kuvuka kifuniko na mwili, kwa kuwa kifuniko kikirudi kimegeuka, kila alama ya mpini inakuwa uongo. Legeza bolti kidogokidogo kwa mviringo, springi iko chini yake inasukuma. Kabla ya kung'oa spaida tazama uso gani uko juu, au piga picha. Hii ilikuwa na spoku moja iliyochomoka kwenye mfereji na kujikunja, na mpira ukiwa umekwanguka laini kama uliokatwa kwa wembe. Gundi ya zamani ikwanguliwe kwa kijiti au plastiki, kamwe si kwa bisibisi, mfereji ukauke kabisa, gasketi mpya ibandikwe kwa gundi isiyodhurika na maji, matone machache tu chini ya spoku. Silikoni nene ya dirishani haina kazi hapa. Inafura, inainua spoku, na unarudi ulikotoka. Bolti zikazwe kwa msalaba, kama magurudumu ya gari.

Kitu kimoja kisichohusu maji: ndoo ya vidonge vya klorini ilikuwa imewekwa pembeni ya mota wiki zote 10. Mvuke wake ndio uliozitia kutu bolti za mota na kupausha kioo cha maltipoti. Ikahamishiwa stoo yenye hewa. Mwenye kitia klorini kilichofungwa kwenye bomba akifungue baada ya kufunga bwawa kwa muda mrefu akiwa ameweka uso pembeni, maana gesi hujikusanya ndani, na asitie humo aina nyingine ya klorini kuliko iliyokuwamo. Kuchanganya aina mbili huweza kuwaka moto au kulipuka.

Kuwasha

Saa 24 za gundi zikiisha, kikapu kinajazwa maji mpaka juu, mfuniko unafungwa kwa mkono, vali zinafunguliwa, mpini kwenye kuchuja, kitoa hewa cha chujio kikiwa wazi. Pampu ikishindwa kushika maji ndani ya dakika 3, izimwe, ijazwe tena. Hapa ilishika ndani ya dakika moja. Hewa ikatoka kwenye chujio ikifoka, kisha maji, kitoa hewa kikafungwa. Geji: 0.8, mshale umetulia. Karatasi kavu ya jikoni ikapitishwa chini ya kila maungio, maana kidole chenye jasho hudanganya. Shina la geji lilikuwa na unyevu kidogo, raundi nne za tepu zikatosha.

Yunioni ya bomba la kutupa iliachwa wazi makusudi nusu saa. Ndooni hapakuingia tone.

Swichi ya kukata umeme unaovuja, ile ya miliampea 30, ikajaribiwa kwa kitufe chake kabla mtu yeyote hajaingia majini. Mota iliyodondoshewa na sili kwa siku kadhaa inastahili kutiliwa shaka.

Ndoo ikarudi ngazini, saa 24, pampu ikiwaka saa 8 kati yake: ndoo milimita 5, bwawa milimita 6.

Kwa Aprili ijayo yamebaki mambo matatu kwenye karatasi iliyogundishwa ukutani chumba cha pampu. Pampu iwashwe nusu saa kila wiki hata bila wageni, kikapu kikijazwa kwanza, na maji ya bwawa yasiachwe yashuke chini ya mdomo wa skima. Ikilazimika kuzimwa kabisa, vizibo vya chini vifunguliwe na kuwekwa ndani ya kikapu visipotee, na mpini wa maltipoti uachwe katikati ya alama mbili ili springi isiikandamize spaida. Na mpini ukiwa hapo, swichi ifungwe kwa kufuli, kwa sababu pampu haitakiwi kuwashwa maltipoti ikiwa katika hali hiyo.